Vipuri vya bei mbaya vya baiskeli: wapi pesa inafanya kazi, wapi inapotea

Mpiga Pedali (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna swali linalorudi kila mara: "Baiskeli yangu ni ya daraja la kati, nimepata pesa kidogo, nipandishe seti ya gia?" Majibu huwa ya aina mbili. Wapo wanaosema vipuri vya juu ni wizi wa mchana, na wapo wanaosema ukishaonja cha juu hurudi tena chini. Nimeendesha vya juu na vya chini, nimevifungua kwa mkono wangu mwenyewe, na naona kambi zote mbili zinateleza mahali pamoja. Zinaongea utadhani pesa ina kazi ileile kwenye tairi, kwenye krenki (mikono inayobeba pedali) na kwenye mnyororo. Haiko hivyo hata kidogo.

Nianze na seti ya gia kwa sababu ndiko pesa nyingi inakomwagwa. Chukua seti za kampuni ya Shimano za baiskeli za barabarani, kutoka ya chini hadi ya juu: Claris, Sora, Tiagra, 105, Ultegra, Dura-Ace. Ukitoka Claris kwenda 105 utaiona tofauti siku hiyohiyo. Claris ina gia 8 nyuma, 105 ina 11 au 12 kutegemea kizazi, kwa hiyo kuna hatua ndogo ndogo za kuchagua upepo ukikukabili. Leva ya kubadilishia gia inakaa vizuri mkononi. Gia inaingia hata ukiwa umebana pedali. Hapo mtu akilipa zaidi simlaumu, nami nililipa.

Sasa toka 105 uende Ultegra. Idadi ya gia ni ileile, mpangilio ni uleule, umepunguza gramu kadhaa. Ongeza tena mpaka Dura-Ace, bei inaruka kwa kishindo na unachopata zaidi ya yote ni wepesi. Kwenye seti za waya za gia 11, kutoka 105 mpaka Dura-Ace unaokoa karibu nusu kilo kwa seti nzima.

Tuipigie hesabu hiyo nusu kilo. Mwendeshaji, baiskeli, nguo na maji, tuseme kilo 80 kwa jumla. Nusu kilo ni asilimia 0.6 ya hapo. Kwenye mlima mkali, ambako karibu nguvu yote inaliwa na mvutano wa dunia, mlima wa saa nzima utaumaliza sekunde 22 mapema. Na hapo nimekadiria juu kabisa, upepo sijauweka. Tambarare hutaiona. Chupa ya maji ya nusu lita ikijaa ina uzito huohuo.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji sana. Kaseti (fungu la gia za nyuma) ya Dura-Ace ina gia kubwa za titani. Titani ni nyepesi, lakini ikisuguliwa na mnyororo huisha haraka kuliko chuma. Umelipa zaidi ili kitu kiishe mapema. Kwa mshindani mwenye timu ya mafundi hilo linaeleweka. Kwa mtu wa kazini na mazoezi ya asubuhi, halieleweki.

Hapo kwenye mnyororo nataka nikae kidogo, maana ndipo nilipoumia. Niliwahi kununua mnyororo wa juu kabisa, ule uliotobolewa matundu ili upungue uzito. Nikaupenda mno, nikauacha ukae. Nilipokuja kuupima kwa rula ya chuma ulikuwa umeshapita kipimo kitambo. Nikafunga mpya, nikasimama kwenye pedali mlimani, ukaruka. Nikajaribu tena, ukaruka. Meno ya kaseti yalikuwa yamelika yakawa kama mapezi ya papa, mnyororo mpya haukai. Ikabidi ninunue kaseti nzima, na moja ya gia za mbele.

Kupima ni kazi ya dakika moja. Kutoka pini moja hadi nyingine ni milimita 12.7. Pingili 24 za mnyororo mpya zina milimita 304.8. Weka sifuri ya rula kwenye ukingo wa pini, hesabu pingili 24, angalia ukingo uleule wa pini ya mwisho unaangukia wapi. Ikizidi kwa milimita 1.5, huo umevutika asilimia 0.5. Kwa gia 11 na 12 badilisha hapo. Kwa gia 10 kushuka chini unaweza kungoja asilimia 0.75. Ikifika milimita 3, hiyo ni asilimia 1, na kaseti imeshaumia.

Kwa hiyo mnyororo wa daraja la kati unaobadilishwa kwa wakati ni bora kuliko wa juu unaoonewa huruma. Na ukiwa msafi unakula nguvu kidogo kuliko wa bei mbaya uliojaa mchanga. Siku hizi nayeyusha nta ya parafini, nauchovya mnyororo uliooshwa ukatakata, nautundika ukauke. Unakaa mkavu, vumbi haligandi, na vidole havichafuki.

Sasa tairi. Wakuu, hapa mimi sibishani na mtu, hapa lipeni. Tairi inapogusa barabara inakunjika, ikiondoka inarudi, na kila mkunjo unageuza sehemu ya nguvu yako kuwa joto. Tairi yenye mpira mnene na kitambaa kigumu inakula zaidi. Majaribio ya maabara, tairi ikizungushwa juu ya pipa la chuma, mwendo wa takriban kilomita 29 kwa saa, yanaonyesha kwamba kati ya tairi laini ya mashindano na tairi nzito ya kuzuia pancha tofauti inapita wati 10 kwa tairi moja. Mbili ni wati 20. Mtu wa kawaida anasukuma kama wati 150. Hebu fikiria zaidi ya sehemu moja ya kumi ya jasho lako inabaki kwenye mpira. Beringi za kauri zinazotangazwa kwa sauti kubwa zinakuokolea wati moja au mbili, kwa bei inayozidi jozi ya tairi nzuri.

Ndiyo, tairi laini inatoboka kirahisi zaidi. Barabara yako ikiwa na miiba na vioo chagua ya katikati, nami sitakuona mjinga. Lakini usifunge Ultegra juu ya tairi za mbao.

Karibuni, nipingeni panapostahili.

Kilima Kikali

Mkuu, uzi mzuri, ila hizo sekunde 22 umezitupa mapema sana.

Mimi nashindana. Tukifika mlimani kundi halikusubiri. Ukiachwa mita 10 tu umetoka kwenye kivuli cha upepo, na hizo mita 10 huzirudishi tena. Kwa hiyo sekunde 22 zangu si sawa na sekunde 22 za anayeenda kazini. Halafu kuna kitu ambacho hesabu yako haikukigusa, nacho ni mkono uliochoka. Saa ya nne, vidole vimekufa ganzi, leva ya chini unaisukuma haiendi, ya juu unaigusa tu gia imeingia. Hilo halipimwi kwa mizani.

Mpiga Pedali

Kilima Kikali, kwenye mashindano nakubali, na nilipaswa kusema tangu mwanzo kwamba naongea na wasioshindana. Hilo la mkono uliochoka nalo nalikubali nusu. Kutoka Claris hadi 105 nguvu ya kusukuma leva inapungua kweli. Kutoka 105 hadi Dura-Ace, zote zikiwa na waya mpya na maganda mapya (mirija ambamo waya unapita), funga macho uniambie ipi ni ipi. Mimi nilijaribu kwa baiskeli mbili za rafiki yangu na nilikosea.

Na tukumbushane, hata kwenye mashindano makubwa UCI, chama cha dunia cha mbio za baiskeli, wameweka kikomo cha kilo 6.8 tangu mwaka 2000, baiskeli haitakiwi kushuka hapo. Kwa hiyo hata pale juu kabisa kuna mahali wepesi unakoma kununua kitu.

Fundi Rimu

Nimesoma mpaka mwisho. Mleta uzi umeongea vizuri, lakini umeiruka ringi (gurudumu zima: rimu, spoki na habu ya katikati), na ringi ndiyo inayonilisha, kwa hiyo niwape ya kwangu.

Mtu aliniletea ringi ya nyuma, spoki ya tatu imekatika ndani ya miezi michache. Kila mara upande uleule wa mnyororo, kila mara pale kwenye kiwiko spoki inapoingia kwenye habu. Alikuwa ameshapanga kununua ringi za bei kubwa. Nikazibana zilizobaki kwa vidole, mbili mbili, kuzunguka. Zilikuwa legevu, nyingine zinacheza kabisa. Spoki legevu kila duru inalegea ikipita chini, inakazwa ikipanda juu, inalegea, inakazwa, mara elfu nyingi kwa safari moja. Chuma kinachoka na kinakatikia kwenye kiwiko. Nikaziondoa zote upande ule, nikaweka spoki za chuma kisichoshika kutu zenye milimita 2.0 ncha zote na 1.8 katikati, nikakaza kwa kipimo, nikaziondolea msongo kwa kuzibana jozi jozi mpaka zikaacha kulia. Habu yake ileile, rimu yake ileile. Hajarudi na spoki iliyokatika tangu hapo.

Nataka mlielewe hili: spoki nyembamba katikati inavutika kidogo zaidi, kwa hiyo kiwiko kinapata nafuu. Inadumu kuliko spoki nene ya unene mmoja, na ni nyepesi pia. Ni moja kati ya mahali pachache ambapo kitu chepesi ndicho kinachodumu, na bei yake si ya kutisha. Lakini kazi ya mkono iliyozikaza ndiyo kubwa. Ringi ya bei mbaya ikitoka kwenye mashine bila kukazwa vya kutosha itakatika kama ya bei rahisi.

Habu nayo. Fungua habu ya chini kabisa iliyopita mvua mbili tatu: grisi imekuwa nyeusi kama lami, gololi zimepoteza mng'ao, na kwenye koni, ile inayobana gololi, kuna mstari wa vishimo unaousikia kwa ukucha. Koni unaweza kubadilisha. Lakini njia ya gololi iliyobonyezwa ndani ya mwili wa habu ikishachimbika, kwenye nyingi za bei rahisi huna la kufanya. Unatupa habu, na kutupa habu ni kuisuka ringi upya. Hapo daraja la kati linajilipa lenyewe kwa sababu ya mpira wa kuzuia maji tu.

Na msidanganyike kwamba gololi na koni ni za kizamani. Kwa miaka mingi hata habu za Dura-Ace zimetumia gololi na koni. Zinataka mtu wa kuzifungua na kuzipaka grisi. Kama huyo mtu si wewe, chukua habu yenye beringi za kisanduku, yaani zilizofungwa nzima. Namba imechapwa pembeni mwa beringi, mfano 6902, ikichakaa unaichomoa na kusukuma nyingine ya namba ileile.

Mpiga Pedali

Fundi, shikamoo. Hili la spoki legevu nilikuwa nalijua kwa juu juu tu. Naomba wengine walisome mara mbili.

Bado Mgeni

Wakuu, mimi ni mgeni kwenye mambo haya. Nina baiskeli yenye seti ya chini ya Shimano, Altus gia 8, naenda nayo kazini kila siku, kilomita 14 kwenda na kurudi, mvua na jua. Gia zimekuwa nzito na zinachelewa kuingia, breki zinapiga kelele. Nilishaanza kuweka akiba ya kununua seti nzima ya Deore, ya ngazi ya juu zaidi. Nisome uzi huu kama naambiwa nisinunue?

Mpiga Pedali

Ndugu, usinunue kwanza. Gia nzito zinazochelewa, mara tisa kati ya kumi, ni waya na ganda lake. Maji yanaingia kwenye ganda, kutu kidogo, waya unakwama badala ya kuteleza. Kibadili gia cha nyuma kinavutwa vizuri lakini springi haiwezi kuurudisha waya, ndiyo maana kushuka gia kunakuwa na uzito tofauti na kupanda. Badilisha waya na maganda yote, kata ncha ziwe sawa, zisibaki zimebanwa bapa kama majani. Chukua waya wa chuma kisichoshika kutu. Uikague pia ile ndoano ya fremu inayobeba kibadili gia. Baiskeli ikianguka upande huo ndoano hupinda kidogo, na hapo hakuna seti ya gia duniani itakayoingia vizuri.

Breki: kama ni za rimu, angalia pedi. Pedi ngumu za bei ya chini hukamata chembe za alumini, zinabaki humo zikikwaruza rimu na kulia. Zichomoe kwa ncha ya kisu, au nunua pedi nzuri kabisa. Kwenye pedi sikwambii ubane pesa. Ndizo zinazokusimamisha mvua ikinyesha, na hata za juu kabisa bei yake inabebeka.

Ukimaliza hayo bado unahisi inakosa kitu, ndiyo turudi kwenye Deore. Na Deore kweli ni nzuri. Ningeiweka palepale ilipo 105 kwa upande wa barabara, yaani ngazi ambayo juu yake unalipia zaidi wepesi.

Kilima Kikali

Mgeni, na mnyororo wako pima kama alivyoeleza juu. Kilomita 14 kila siku kwenye mvua zinaula.

Leva Mbili

Hamjagusa breki za mafuta wala gia za umeme.

Breki za diski za mafuta kwangu ni lazima kwa anayeteremka milima. Nguvu ya kidole inafika kwenye pedi kupitia mafuta, hakuna waya wa kukwama, na pedi zikilika zenyewe zinasogea. Lakini ni kule kuhama kutoka waya kwenda mafuta ndiko kunakolipa. Breki ya mafuta ya ngazi ya chini ya kampuni inayojiheshimu inasimamisha mtu. Angalieni tu aina ya mafuta: Shimano wanatumia mafuta ya madini, nyingine zinatumia mafuta aina ya DOT, na ukichanganya sili za mpira zinavimba na kuharibika.

Gia za umeme nina ushauri mmoja: ngojeni. Di2 ndiyo gia za umeme za Shimano: Dura-Ace Di2 ilitoka 2009, Ultegra Di2 ikafuata 2011, na 2022 ikaja 105 Di2. Kitu kinachoanzia juu kinashuka ngazi. Gia za kubofya kwa hatua zilianzia kwenye Dura-Ace 1984, leo ziko kwenye baiskeli za watoto. Anayenunua toleo la kwanza analipia haraka yake.

Na msiamini kwamba cha juu hakivunjiki. Septemba 2023 Shimano walitangaza kukagua na kubadilisha krenki za Ultegra na Dura-Ace za gia 11 zilizotengenezwa kabla ya Julai 2019. Zimeundwa kwa vipande vilivyogundishwa, na vilikuwa vinaachana. Marekani na Kanada peke yake ni takriban krenki 760,000. Krenki za 105 za kipindi hichohicho hazikuwemo. Kama una moja kati ya hizo, upande wa ndani wa mkono wa krenki kuna herufi mbili za tarehe ya kutengenezwa, zitazame kabla hujapanda tena.

Mpiga Pedali

Leva Mbili, asante kwa hili la krenki. Mimi mwenyewe nilikuwa na ya namna hiyo, na naomba yeyote anayesoma aende akague leo. Ukisikia mlio wa "tki, tki" kila mguu ukishuka, au ukiona mstari kama ufa kwenye maungio, usiendelee kuendesha.

Kuna kitu kimoja naomba nikiongeze kutoka kwa Shimano haohao. Mfumo wao wa LinkGlide, unaotumika kwenye seti zao za CUES zilizotoka 2023, una meno manene zaidi na ni mzito kuliko ule wa kawaida. Wenyewe wanadai kaseti yake inadumu mara tatu. Mimi nimefurahi sana kuona kampuni inauza uzito kwa sababu ya kudumu. Anayeenda kazini kila siku ndiye alikuwa amesahaulika muda wote.

Fundi Rimu

Nakazia. Watu wananiletea kaseti nyepesi iliyokufa ndani ya mwaka na machozi juu.

Bado Mgeni

Wakuu nimerudi. Nimebadilisha waya na maganda, na kweli ndoano ilikuwa imepinda, fundi ameinyoosha. Gia zinaingia kama siku niliyoinunua. Pedi mpya nimefunga, kelele imekwisha. Ile akiba ya Deore iko palepale.

Mnyororo nimeupima kwa rula kama ulivyoelekeza, pingili 24. Pini ya mwisho imepita 304.8 kwa kama milimita 2. Nibadilishe?

Mpiga Pedali

Safi sana. Milimita 2 ni kama asilimia 0.66. Kwa gia 8 bado una nafasi kidogo, mwisho wako ni milimita 2.3. Nunua mnyororo wa gia 8 sasa, wa kati, uweke ndani. Pima kila baada ya wiki mbili, na upime sehemu tatu tofauti za mnyororo, maana hauliki sawasawa. Sehemu yoyote ikifika 2.3, funga mpya siku hiyohiyo, kaseti yako itabaki salama.

Na kwenye hiyo akiba, tairi zako ni za aina gani?